Mawe Meusi ya Kiegeani

Jiwe la mwisho lilikuwa zito mno, hata Bimkubwa akalipakata kama mtoto kabla ya kulisukuma majini. Mtumbwi ukayumba. Maji ya Ghuba ya Chole yakalimeza, kisha yakatulia.

"Yamekwisha?" aliuliza mdogo wake, Abeid.

"Yamekwisha. Nimechokora mpaka kwenye mizizi ya minazi."

Abeid aliangaza pwani. Jua lilikuwa la utosi, wanaume wote wamekwenda sala ya Ijumaa. Hakuna aliyewaona. Hata hivyo alishika kasia upesi, kwani mtu waliyemfanyia haya alikuwa amelala hoi kwa homa nyumbani kwa Bimkubwa, akiamini kwamba Abeid amekwenda kumtafutia madafu.

Mtu huyo aliitwa Hellwig, Mdachi, mtaalamu wa madini. Wapagazi wa bara walimwita Bwana Mawe. Abeid alikuwa mkalimani wake tangu ndevu za mzungu yule zikiwa nyeusi, na sasa, mwaka huo wa 1911, zilikuwa nyeupe pe. Maisha yake yote alitafuta kitu kimoja tu: madini ya miamba iliyozaliwa motoni.

"Chini ya ardhi mawe huyeyuka," alipenda kueleza, kwa Kiswahili chake cha kusitasita. "Ni kama tui linapochemshwa jikoni. Mafuta hupanda juu, mashapo hushuka chini. Watu wanafurahia mafuta. Mimi natafuta mashapo, Abeid. Chuma kiko huko."

Wenzake huko Ulaya walikwisha kupata vyeo na sifa. Yeye alikuwa na makasha ya vipande vya mawe, na homa iliyomrudia kila masika.

Aliwahi kufanikiwa mara moja tu. Ilikuwa kwenye kilima kimoja huko bara, mwamba mweusi umejitokeza juu ya ardhi kama mbavu za ng'ombe aliyekonda. Siku ile Bwana Mawe alilia kwa furaha. Machimbo yalipofunguliwa, askari walikuja, na Abeid ndiye aliyesimama mbele ya wenyeji kuwatafsiria: hameni. Bibi mmoja kizee alimtemea mate usoni. Abeid hakujipangusa mpaka yule bibi alipojitwika mkeka wake akaondoka.

Ndiyo maana moyo ulimpasuka siku alipoliona jiwe jeusi juu ya meza ya bwana wake Dar es Salaam. Mchuuzi mmoja alikuwa ameliokota Mafia, katika shamba la Kiegeani. Bwana Mawe alilisogeza karibu na dira, sindano ikageuka.

"Mafia ni matumbawe matupu," alisema, akiligeuzageuza. "Lakini hili limezaliwa motoni. Si ndiko kwenu, Abeid?"

Ndiko. Tena shamba lenyewe ni la dada yake. Minazi ile aliipanda baba yao, na mama yao amezikwa pembeni mwake. Hati hawakuwa nayo. Walikuwa na makaburi.

Homa ilipomwachia, Bwana Mawe aliamuru wachimbe. Mfaume, jirani yao, alishika jembe pamoja na wanaume wengine wa kijiji. Wakatoa mchanga, wakatoa matumbawe, kisha mchanga tena. Mzungu alishuka ndani ya kila shimo, akapiga magoti, akachambua udongo kwa vidole kama mtu anayechambua mchele. Kila alipopanda juu, mabega yalikuwa yamelegea zaidi.

Mwishowe aliketi ukingoni mwa shimo, akavua kofia.

"Abeid, hukupata kuona jingine kama lile? Hata kipande?"

Miaka yote ile Abeid hakuwahi kumdanganya. Alimtazama machoni.

"Sijaona, Bwana."

Mzee aliitika kwa kichwa, polepole. "Basi lililetwa na jahazi, likatupwa. Nilidhani safari hii Mungu amenikumbuka." Akaivaa tena kofia yake. "Nimechoka. Nitampelekea Bwana wa boma neno kwamba hapa hakuna kitu, kisha nirudi kwetu."

Abeid alimshika mkono kumwinua, akauona ulivyo mwepesi. Alitaka kumwangukia miguuni. Badala yake akamkung'uta mchanga uliomganda magotini.

Jikoni, Bimkubwa aliposikia habari, alifunika uso kwa ushungi akashukuru. Kisha akapika wali wa nazi na pweza, na fungu la kwanza akampakulia mzungu.

"Kula, baba," alimwambia, na huruma yake ilikuwa ya kweli. "Riziki haivutwi kwa kamba."

Siku Bwana Mawe alipokuwa akifunga makasha yake, Bwana wa boma, mkuu wa serikali kisiwani, alikuja Kiegeani. Alifuatana na mzungu mmoja mnene na vibarua waliobeba mnyororo wa kupimia. Bwana wa boma alikuwa mgeni nchini, Kiswahili hakijui. Bimkubwa aliwapokea mlangoni kwa uso mkunjufu. Alidhani wamekuja kumsindikiza mgeni wao.

Bwana wa boma alimgeukia Abeid, akasema kwa Kidachi:

"Mwambie mwanamke huyu kwamba ardhi hii niliifunga asipewe mtu, kwa ajili ya madini. Kwa miezi kadhaa sasa bwana huyu niliyekuja naye anaiomba aifanye shamba lake, nami namkatalia kwa sababu ya jiwe lile. Daktari Hellwig angenionyesha jingine moja tu, ningeendelea kuifunga; machimbo huchukua miaka kufunguliwa, pasingeguswa hapa mpaka huyu mama afe. Sasa ni mali ya bwana huyu. Wahame."

Vibarua walikuwa wamekwishaanza kuunyoosha mnyororo, upande wa makaburini.

"Anasemaje, mdogo wangu?" aliuliza Bimkubwa, huku akitabasamu.