Viti Vikubwa

Fundi Shembilu alisimama mlangoni mwa kliniki ya watoto wenye selimundu, akashika kiuno. Watu walikuwa wamejaa hadi barazani.

"Sista, huu ugonjwa umezidi?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Nilipowaletea viti vile vya kwanza, watoto hawakufika hata nusu ya hawa."

Sista Leokadia alitikisa kichwa. "Wanaozaliwa nao kila mwaka ni kiasi kile kile, Fundi. Ila zamani walikuwa hawakai. Tukiwapokea leo, kesho tunawazika. Siku hizi wanapata dawa, wanabaki, na wapya wanakuja kuwakuta hapa hapa. Ndiyo maana unatuona tumejaa."

Wale wasiokaa Fundi aliwafahamu. Majeneza yao madogo aliyaranda yeye, na vipimo vyake mkono wake ulikuwa haujavisahau.

"Haya, niwatengenezee vidogo vingapi tena?"

"Vidogo vinatosha, baba. Nimekuita kwa ajili ya vikubwa."

Akamwonyesha msichana aliyejikunja kwenye kiti cha mtoto, magoti yakikaribia kidevu. Fundi akapiga goti mbele yake, akamwomba asimame, akatoa futi na kuanza kupima kutoka sakafuni hadi gotini. Alipofika, akaibana kwa kidole gumba.

"Fundi," msichana alisema, "niongezee kidogo. Bado narefuka."

Fundi hakuinua uso. Alilegeza kidole, akaiacha futi ipande.