Moja Ndiyo, Mbili Hapana

Mzee aligonga ubavu wa mashua ya kijani mara tatu kwa kiganja cha kushoto, akapumzika, akagonga tena mara tatu.

"Anaitaka hii," alisema mwanawe wa mwisho.

"Mara tatu haina maana, shemeji," alisema mjane. "Baba hagongi mara tatu."

Tangu mzee apooze upande wa kulia na ulimi kumfia kinywani, walikuwa wamekubaliana naye hivyo: moja ndiyo, mbili hapana. Aliyebuni ni huyu mjane, mkwewe, kwa kuwa ndiye aliyemlisha, akamwogesha na kumgeuza kitandani. Mumewe, kifungua mimba wa mzee, alimezwa na ziwa mwezi wa nne, yeye na mashua yake. Hakikuonekana hata kipande cha kasia. Mzee alianguka siku ya tatu ya msiba.

Nyumbani alibaki mvuvi mmoja tu, huyu shemeji, ambaye maisha yake yote alivua mtoni kwa mtumbwi. Alikuwa ameapa kushuka ziwani, liwalo na liwe. Mjane alimsihi, akalia, akanuna wiki nzima; hakufua dafu. Kilichobaki ni kumchagulia mashua isiyozama kirahisi. Ndiyo maana walikodi lori, wakampakia mzee na kiti chake cha magurudumu, wakasafiri nusu siku hadi karakana hii. Mzee alikuwa amevua miaka arobaini. Mdomo ulikuwa umekufa, lakini jicho lilikuwa zima.

Fundi aliwapokea kwa maneno mengi, nyusi zimejaa unga wa mbao. Shemeji alipoing'ang'ania mashua nyeupe, nyepesi, yenye kitako bapa, fundi alitikisa kichwa.

"Hiyo ya mtoni, kaka. Ziwa kubwa likichafuka, kitako bapa kinachapwa makofi mpaka mbao zinaachana. Chukua ndefu, yenye tumbo pana, kingo zikufike kiunoni, pua iinuke iyapasue mawimbi badala ya kuyanywa. Kwani mnatokea upande gani?"

Mjane akamtajia. Akamweleza na habari za mumewe, kwa kifupi, kama alivyozoea kuzieleza siku hizi.

"Poleni sana," alisema fundi. Alijifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena.

Wakati huo mzee alikuwa amejisukuma peke yake kwa mkono mmoja, kiti kikienda upande upande kama kaa, mpaka nyuma ya rundo la mbao, ilikokuwa mashua ya kijani. Ndiko walikomkuta akigonga.

"Baba, unaitaka hii?" mjane aliuliza.

Mbili.

Kidole cha mzee kikapanda kwenye ukingo, kikashuka ndani chini ya kikalio, kikasimama juu ya kiraka cha ubao kilichofunikwa na rangi mpya.

"Ameona kiraka," alisema mjane. "Ni mbovu, baba?"

Mbili.

"Haitaki, na si mbovu," alisema shemeji. "Sasa tumwelewe vipi?"

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Ni nzito?" Mbili. "Ni fupi?" Mbili. "Unataka kwenda haja?" Mbili, kwa nguvu mpaka kiti kikatikisika.

"Hiyo ina mwenyewe, dada," fundi aliingilia. "Wala haiuzwi. Mzee kachoka na jua, msogezeni kivulini."

Mjane akachuchumaa mbele ya kiti, akaushika mkono ule mzima. Akaona machozi yamejaa macho yote mawili, hata lile la upande uliokufa.

"Baba, unamkumbuka mwanao?"

Moja, kiganjani mwa mjane. Kisha moja tena, haraka. Mzee aliinama mbele kadiri mwili ulivyomruhusu, amemkazia macho, akisubiri swali linalofuata.

Mjane hakuwa na swali jingine. Alimpangusa uso kwa ncha ya khanga.

"Sote tunamkumbuka, baba," alisema.

Walichukua mashua mpya ndefu iliyokuwa karibu na mlango, haijapakwa hata rangi. Mjane aliingia ndani yake, akasimama, akapima kingo kwa kiuno chake, akamtaka shemeji aitikise kwa nguvu zote huku yeye yumo. Fundi alipunguza bei kabla ya kuombwa, akaongeza na majaketi mawili ya kuokolea maisha, bure. Mjane alimshukuru mpaka fundi akaona haya, akageukia kwingine.

Mzee hakutaka kuondoka. Alikuwa ameushika ukingo wa mashua ya kijani, na shemeji alilazimika kumbandua vidole, kimoja kimoja, akimbembeleza kama mtoto. "Tumeshapata, baba. Nzuri kuliko hii. Twende nyumbani." Walipombeba kumpandisha garini, mzee aligonga mgongo wa mwanawe njia nzima, moja, mbili, tatu, nne, bila mpango wowote. Kisha mkono ukalegea, akakaa kichwa kimeegemea dirisha.

"Amelala," alisema mjane.

Hakuwa amelala.

Fundi alisimama getini mpaka lori likakata kona. Halafu akatoa simu mfukoni, akatafuta namba, akaweka sikioni.

"Wameshaondoka," alisema. "Mkeo hajaitambua. Aliyeitambua ni baba yako."