Kisa Alichokitoa Mshamu

Siku hizi ukiwapa watafiti wa chuo kikuu kisa chako cha kumtafuta Mungu, wanakichukua chote. Kichwani mwako hakibaki hata chembe. Mshamu alirudi nyumbani na cheti cha shukrani, akamkuta mkewe, Somoe, akichambua mchele.

"Mke wangu, hivi miaka ile saba nilikuwa wapi?"

Somoe akamsimulia alivyoacha kazi, akazunguka misikiti na makanisa, akalala mapangoni. Mshamu alisikiliza kama anayepewa habari za jirani.

"Maskini! Sasa huyo bwana alimpata Mungu wake?"

Mkono wa Somoe ulikwama kwenye ungo. Miaka yote Mshamu alipokisimulia kisa chake na kufika hapo aliangua kilio, naye Somoe akambembeleza tu, asimuulize kama alimpata.