Herufi Mbili za Mhandisi

"Hebu isome tena," Etelvina alisema. "Polepole."

Nicanor, nyapara wa zamu, alisimama kwenye mdomo wa handaki akiwa na karatasi mkononi, moshi ukimpita juu ya kichwa. Nyuma yake wanaume sita walishika sepetu, wakingoja aseme neno wazibe mdomo kwa mbao na udongo. Moto wa makaa hauzimwi kwa maji. Hunyimwa hewa mpaka ufe. Kila mtu katika mabonde yale ya Asturias, kaskazini mwa Hispania, alilijua hilo.

"Wote lazima wawe wametoka. Fungeni," Nicanor alisoma. Waya wa simu ulikuwa umeungua, na mhandisi alikuwa ametuma barua kutoka ofisini, chini bondeni. "Anasema wametoka, shemeji. Watakuwa wamepandia tundu la hewa la upande wa pili."

"Tundu lile halijapitwa na mtu tangu vita. Na taa kumi na moja za wachimbaji hazijarudi."

Moja ya taa hizo ilikuwa ya Belarmino, mwana wa pekee wa Etelvina.

Akaichukua karatasi. Miaka ishirini alikuwa akiwasomea barua majirani wasiojua kusoma, akawaandikia na majibu. Akaweka kidole juu ya neno moja.

"Ameandika *deben*, yaani wanapaswa. Angekuwa anadhani tu, angeandika *deben de*. Iko wapi hiyo *de*? Hii si dhana, Nicanor, ni amri. Watoke kwanza, ndipo ufunge."

"Mhandisi mwenyewe mwandiko wake kama kuku amechakura. Niuache mgodi mzima uungue kwa ajili ya herufi mbili?"

"Mwanangu yuko ndani ya hizo herufi mbili."

Wenye sepetu walitazama chini. Laureano, msaidizi wa nyapara, alisema kwa sauti ndogo kwamba moto ukifika tabaka la chini, hapatakuwa na cha kuziba tena.

Etelvina akaenda kusimama katikati ya reli za vigari, mgongo kwenye moshi.

"Basi nizibeni na mimi."

"Shemeji, toka hapo."

Hakutoka. Miaka sita iliyopita boriti ilivunjika kwenye handaki hilo hilo, na mumewe, Arcadio, akaipokea kwa mabega mpaka Nicanor akatambaa chini yake akatoka. Arcadio hakutoka. Tangu hapo, kila Jumamosi, Nicanor alimwachia gunia la makaa mlangoni, akaondoka bila kungoja ahsante. Etelvina hakuwahi kulitaja jambo lile hata mara moja. Aliona kulitaja ni kumuuza marehemu.

Sasa alilitaja.

"Makaburini uliniambia nini?"

Nicanor aligeukia handaki.

"Uliniambia *debo*. Nina deni lako. Neno ni hilo hilo, Nicanor, la makaburini na la kwenye barua. Kwetu sisi anayedaiwa na anayepaswa ni mtu mmoja."

Nicanor alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu aliyekaa foleni miaka, na sasa ameitwa jina. Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akakifunga puani, akamkabidhi Laureano filimbi.

"Robo saa," alisema. "Nisiporudi, ziba."

"Bosi..."

"Robo saa, Laureano."

Akainama, akaingia. Mwanga wa taa yake ulionekana hatua kumi, pengine kumi na mbili, kisha moshi ukaumeza.

Robo saa ikapita. Laureano alipoinua filimbi, Etelvina alimshika kifundo cha mkono kwa mikono yake miwili, akamng'ang'ania. Laureano hakujitoa. Zikapita dakika nyingine kumi. Moshi ulikuwa wa kijivu. Sasa ulianza kugeuka manjano.

Ndipo sauti zikasikika. Hazikutoka handakini, zilitoka barabarani.

Mhandisi alikuwa akipanda kilima, kofia mkononi, na nyuma yake wanaume wamefuatana mmoja mmoja, tope mpaka kwenye kope. Laureano alihesabu midomo ikimchezacheza, akafika kumi na moja. Wa nne alikuwa Belarmino.

"Mama," alisema, "tundu lilikuwa jembamba, lakini tulipita."

Etelvina aligeuka kutazama handaki. Taa ya Nicanor haikuonekana.

"Si niliwaandikia?" mhandisi alisema akijipangusa jasho. "Nilikuwa nadhani tu, lakini nilijua hawa hawafi kijinga." Akautazama mdomo wa handaki uliokuwa bado wazi, kisha wanaume wenye sepetu, ambao hakuna hata mmoja aliyemtazama. "Sasa mnangoja nini? Watu wote wako hapa. Fungeni."