Hakuna Atakayeshuka

Mama Funguo alifunga mlango wa stoo, akatumbukiza funguo kifuani, kisha akageuka kuwakabili wanaume watatu waliokuja mbio.

"Barakoa!" mnyapara alifoka, jasho likimtiririka. "Tupe barakoa upesi! Mcheshi kaanguka shimoni!"

"Sitoi."

Mnyapara alidhani hakusikia vizuri. Shimo lenyewe lilikuwa nyuma ya kiwanda cha ngozi, ndipo yalipokusanyika maji yote machafu ya kulowekea ngozi. Pampu ilikuwa imeziba. Ni yeye mnyapara aliyemwambia Mcheshi ateremke chapuchapu aizibue, na Mcheshi akateremka na barakoa aliyopewa asubuhi kwa kazi ya kuchanganya dawa huku juu. Hata ngazi hakuimaliza.

"Mtu anakufa, mama!"

"Barakoa zangu zinachuja hewa," alisema Mama Funguo. Sauti yake ilikuwa kavu. "Hazitengenezi hewa. Mle ndani hewa hamna, ni sumu tupu. Mtungi wa hewa tulikuwa nao mmoja, umepelekwa kujazwa, haujarudi. Niliposikia mayowe niliwapigia zimamoto, wako njiani. Nendeni mkafungue mifuniko yote ya shimo, wala mtu asiingize hata kichwa."

"Sumu gani?" alidakia mmoja wao. "Asubuhi kulinuka mayai viza, sasa hivi hakunuki kitu."

"Harufu ipo palepale. Pua zenu ndizo zimekufa ganzi."

Jitu, pande la mtu aliyekuwa rafiki wa Mcheshi wa kufa na kuzikana, alimsogelea mpaka kivuli chake kikamfunika. "Najua unachofanya. Unamlipizia zile ndevu."

Habari ya ndevu kiwanda kizima kiliijua. Mama Funguo, mwanamke asiye na masihara wala mazoea na mtu, alikuwa amemnyima Mcheshi barakoa mbele ya watu. Barakoa haishiki kwenye ndevu, alimwambia, gesi inapita kama mwizi dirishani; nenda kanyoe. Mcheshi alibisha mpaka wakafokeana. Kesho yake alikuja kidevu kikimeremeta, na wenzake wakamshukia kwa kicheko.

"Nani kakunyoa?"

"Mke wangu. Kanifuata na wembe mpaka kitandani."

"Mlete huku basi, atunyoe wote!"

"Hapa hawaajiri mtu na mkewe, ndugu zangu. Mngekoma!"

Walicheka hadi machozi. Mama Funguo aliyekuwa akipanga glavu rafuni hakugeuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyewaona wale wawili wakisemezana.

Sasa Jitu alimtazama toka juu hadi chini, akatema mate pembeni. "Kaa na barakoa zako. Nitamfuata hivihivi."

Akatimua mbio kuelekea shimoni. Mama Funguo alimfuata, viatu vikimtoka miguuni. Alipofika, Jitu alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Mwanamke alijirusha chini, akamkumbatia miguu yote miwili.

"Niachie!"

"Hushuki."

"Niachie, mchawi mkubwa wewe!"

Kofi lilimpata shavuni. Akang'ang'ania. La pili likampasua mdomo. Akazidi kukaza mikono, uso ameulaza kwenye buti la Jitu, macho yakitazama chini shimoni ambako mgongo wa Mcheshi ulionekana juu ya tope, umetulia tuli. Midomo yake ilikuwa ikitamka kitu kwa upesi, tena na tena, lakini hakuna aliyekisikia.

Wafanyakazi walikuwa wamejaa. Wengine walimtukana, wengine walilia. Mwanamke mmoja wa kitengo cha kukausha ngozi alisema kwa sauti, ili asikike, kwamba hajapata kuona moyo wa jiwe kama ule. Mnyapara alishika kichwa, akazunguka, akarudi palepale. Hatimaye Jitu mwenyewe alianza kuona kizunguzungu kwa kusimama tu pale mdomoni mwa shimo. Akapepesuka. Ndipo walipomvuta nyuma, na Mama Funguo akaburutwa naye, bado kamshika.

Zimamoto walifika na mitungi migongoni. Wawili waliteremka kwa kamba. Walimtoa Mcheshi taratibu, wakamlaza kwenye saruji. Mkubwa wao alimwinamia kwa muda mrefu, akasikiliza, akabonyeza kifua, akasikiliza tena. Kisha akavua kofia.

"Huyu alikata roho kabla hajagusa chini," alisema. "Ni nani aliyewazuia kushuka?"

Vidole vilimwonyesha mwanamke aliyesimama peku, damu mdomoni.

"Basi mshukuruni. Mngemfuata na barakoa zile, ningekuwa natoa maiti nne."

Jitu alikaa chini, akaificha mikono yake kwapani kana kwamba si yake. Yule mwanamke wa kitengo cha kukausha ngozi alijitanda kitambaa usoni.

Mnyapara alikohoa. "Marehemu ana mke," alisema. "Lazima mmoja wetu aende kumpa habari. Nani ataweza?"

Watu walitazama chini. Hata Jitu alitikisa kichwa.

"Habari anazo," alisema Mama Funguo. Akapiga magoti kwenye saruji, akakipakata kichwa cha Mcheshi, na kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake akamwita mume wangu.