Jani Lililotazama Chini

Tusekile alikuwa na kazi mbili kapuni. Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, alifuma shali yenye nakshi ya majani, na hapo hakutaka kusemeshwa, maana ukipoteza hesabu umepoteza shali nzima. Jioni alifuma sweta la wifi yake, Atupele. Sweta halikuwa na hesabu. Mikono ilijiendea yenyewe, wao wakapiga soga.

Shali aliibuni mwenyewe kwa ajili ya maonyesho ya akina mama, na hakuna aliyeiona ila Atupele, aliyemshikia uzi. Pembeni jani moja lilitazama chini. Alikosea, akaona uvivu kufumua.

Siku moja bibi harusi wa jirani alipita barazani kusalimu, mabegani ana shali ya majani. Tusekile akaivuta kwa kidole. Pembeni, jani moja lilitazama chini.

"Nani kakufumia, mwanangu?"

"Wifi yako Atupele, mama. Anasema kaibuni mwenyewe, na nyingine kama hii anaipeleka kwenye maonyesho."

Jioni Atupele alikuja, akavuta kigoda chake kama kawaida. "Wifi, sweta langu limefika wapi?"

"Shingoni."

Akaanza habari za mji. Tusekile aliendelea kufuma.

"Mbona kimya leo?"

"Nahesabu, wifi."

Atupele akacheka. Sweta lina hesabu gani? Lakini kicheko hakikufika mbali, maana macho yake yalikuwa kwenye sindano. Ilipofika penye shingo haikuacha nafasi. Ilipita moja kwa moja, kutoka bega hadi bega, kitanzi baada ya kitanzi, hata pasibaki pa kupitisha kichwa.