Chachu ya Raketaka

Majina yalikuwa yamefutika. Mvua ya miaka saba ilipenya dari la kaburi la ukoo, tone kwa tone, na wino uliokuwa kwenye sanda ukageuka madoa ya buluu. Mjomba Ratovo, mtunza kaburi, alitoka mlangoni akiwaongoza vijana waliobeba mikeka miwili yenye miili miwili, tarumbeta na ngoma zikiwapokea, kisha akasimama juani akiikodolea macho.

"Huyu ndiye Ralaivao," akasema hatimaye. "Na yule ni mama yake. Mimi mwenyewe niliwalaza. Mwana kushoto, mama kulia."

"Kushoto kwa anayeingia au kwa anayetoka?" akauliza Harivola, dada yake Ralaivao.

"Kushoto ni kushoto, binti! Utanifundisha hadi njia ya jikoni kwangu?" Pumzi yake ilinuka ramu, na jua halikuwa hata limefika utosini.

Siku ya kuwavisha wafu sanda mpya si siku ya kubishana na wazee. Harivola akapewa mama yake. Vololona, mjane, akaketi mkeka wa pili, akanyoosha miguu, akalaziwa mumewe mapajani. Alikuwa mwepesi. Ralaivao hakuwahi kuwa pande la mtu. Kwa kimo na wembamba alichukua kwa mama yake.

Ndugu wakamzunguka, wakaanza kumkumbuka kwa sauti kubwa ili naye asikie. Ralaivao mwenye kibanda cha vitumbua karibu na stesheni ya Antsirabe! Miaka thelathini na miwili hakufunga, isipokuwa siku nne ambazo watoto wake wanne walizaliwa. Na asubuhi zilizofuata aligawa vitumbua bure, hadi wavuta riksho wakawa wanamwombea apate wa tano. Aliwapeleka watoto shule kwa baiskeli, unga umemganda kwenye nyusi. Wenzake walipomwita wakanywe, alikataa, eti mke wake angekula peke yake. Alizikwa na upawa wake wa bati wa kumiminia, kwa ombi lake mwenyewe.

"Na yote hayo kwa chachu ya mama yake!" akadakia Mjomba Ratovo. "Chachu ya Raketaka! Haijafa tangu enzi za bibi yake!"

Watu wakapiga makofi. Vololona akainamisha uso.

Huyo Raketaka! Siku ya harusi alimkabidhi mkwewe chungu cha chachu kama anayekabidhi mtoto mchanga. Funguo za kabati la sukari hakukabidhi. Hizo zilining'inia kiunoni mwake, na ungezisikia zikilia uani kabla hujamwona mwenyewe, ukajua unakuja kukaguliwa. Alikufa nazo, akazikwa nazo, miezi miwili tu baada ya mwanawe. Watu walisema ameuawa na huzuni. Vololona alisema moyoni kwamba amemfuata kumkagua.

Lakini leo hakuja kwa ajili ya mama mkwe. Alikuwa na neno la mumewe, neno alilolibeba miaka thelathini na tisa, na leo ndiyo siku ambayo wafu wanasikiliza. Siku nyingine kama hii ingekuja baada ya miaka saba, na magoti yake hayakumwahidi kufika huko. Hakutaka kufa bila msamaha wake.

Akasubiri tarumbeta zipande, akainama.

"Baba Lanto," akanong'ona, "nisamehe. Sijawahi kukudanganya ila kwa jambo hili moja. Ile chachu ya mama yako niliwamwagia nguruwe siku ya tatu ya ndoa yetu. Ilinuka kama mguu uliotoka kwenye buti, mume wangu, ningefanyaje? Ile uliyouzia maisha yako yote niliitengeneza mimi, kwa wali uliolala na ndizi mbivu. Kila ulipoonja ukasema mama ana mkono, mimi nilimeza mate nikanyamaza. Ningekwambia, ungeumia. Naye angenitoa roho."

Machozi yakamdondoka juu ya hariri mpya. Ajabu, hakuna kilichoanguka. Mbingu ilikuwa pale pale. Na kwa kuwa mdomo ulishafunguka, akaona heri aumalize mzigo wote.

"Tena mama yako hakujua kupika. Hata wale nguruwe, mmoja alikataa."

Kicheko kikamponyoka katikati ya kilio. Shangazi mmoja akampigapiga mgongoni, akiwaambia wenzake, "Mwacheni, mwacheni. Walipendana hawa."

Ni kweli walipendana. Vololona akafunga kamba ya mwisho ya sanda, akaupapasa mwili ule kwa mapenzi, roho nyeupe kabisa. Zamani alipomkosea mumewe, Ralaivao hakuwa mtu wa maneno. Alimtengea kitumbua cha kwanza cha asubuhi, basi, yakawa yameisha.

"Kama umenisikia, nipe ishara," akanong'ona. "Hata ndogo tu. Nijue kwamba yameisha."

Tarumbeta zikanyamaza, wapigaji wavute pumzi. Kwenye mkeka wa jirani Harivola alikuwa akimkaza mama yake sanda kifuani, mara mikono yake ikasimama. Akapapasa tena, akabonyeza, akainua uso uliojaa mshangao.

"Jamani," akaita, "wifi, hebu njoo uone. Mbona mama ana upawa?"

Vololona alishtuka, magoti yakaruka. Na mapajani mwake, ndani ya sanda, funguo zikalia.